Faini na Amana

Bismillahi Rahmani Rahimi. Amma baad: naajue Muislamu ya kuwa katika mwaka 2020, wakati wa maradhi ya korona, Sirari ya Tarime na Isebania ya Kenya zilipakana, na sheria zao mbalimbali. Upande wa Kenya, asiyefunika pua na kinywa mbele za watu aliweza kutozwa hata shilingi 20,000, ama kufungwa hata miezi 6. Watu walinung'unika, na fukara alikuwa na hoja: faini moja si mzigo mmoja kwa masikini na tajiri.

Lakini Mtume, sala na salamu zimshukie, alikataza kuingia penye tauni na kuikimbia, wala hakuweka faini. Ajifunikaye kwa kuogopa askari, askari akipita hujifunua; amchaye Mungu humhifadhi jirani hata gizani. Na mtawala naye ataulizwa kwa kila shilingi. Wallahu aalam.