Nani Atalipa Stima ya Kesho?

Somo: Luka 14:28-30, Mithali 12:10, Waebrania 1:3



Katika Luka 14 Bwana wetu anauliza swali ambalo hata mwalimu wa biashara angeuliza: ni nani kati yenu atakayetaka kujenga mnara, asiketi kwanza apige hesabu kama anazo pesa za kumalizia? Somo hili tumelihubiri sana wakati wa harambee za ujenzi. Leo nataka tulitazame upande wa pili. Mnara ukimalizika unasimama wenyewe. Lakini kuna vitu ambavyo siku ya kuvimaliza ndiyo siku gharama inapoanza.

Wafugaji wetu wa Imenti na wa Manyatta wanalijua hili bila kwenda chuo. Ng'ombe wa gredi hununuliwa siku moja, lakini hula kila siku. Bei ya sokoni hulipwa mara moja na kusahaulika. Kinachomshinda mtu ni nepia, maziwa-mil, chumvi, dawa ya kupe na daktari. Nilipokuwa nikisoma biashara tulifundishwa kutenganisha gharama ya kununua na gharama ya kuendesha, na mwalimu alirudia kwamba biashara nyingi huuawa na hiyo ya pili.

Swali lililoletwa kwangu

Ndugu mmoja wa kanisa letu, aliyeniruhusu niandike habari hii bila jina lake, alifanya kazi Mombasa miaka mingi kabla ya kurudi nyumbani Meru. Bahari ilimwingia moyoni. Alipojenga, aliweka sebuleni tangi la kioo la lita 300 hivi, maji ya chumvi, samaki wachache wa rangi na matumbawe hai aliyoyapata kwa mfugaji mwenzake wa Nairobi. Ukiingia kwake usiku, kile kioo kinang'aa bluu na watoto wa jirani wamekizunguka wametulia tuli.

Sasa amestaafu na mapato yamepungua. Tokeni za stima zimekuwa neno la kila wiki kati yake na mkewe. Katika ushirika wa nyumbani mtu mmoja alimwambia wazi kwamba pesa hizo zingelisha yatima. Akaja kwangu na swali hili: "Pasta, nikizima, nitakuwa nimetenda dhambi? Na nisipozima, je, si dhambi pia?"

Wapendwa, usicheke kwa sababu ni samaki. Ukibadilisha jina la kitu, swali hili liko katika nyumba nyingi zetu: nilianzisha jambo jema nikiwa na uwezo, sasa uwezo umepungua, na jambo lenyewe lina uhai. Nifanyeje?

Tupige hesabu kwanza

Tuliketi na karatasi. Taa, wati 150 kwa saa 10: yuniti 1.5 kwa siku. Pampu kuu, wati 40, hailali: karibu yuniti 1. Pampu ya kutengeneza mawimbi na chombo cha kusafisha maji, wati 20 kila moja, usiku na mchana: karibu yuniti 1 zikiwa pamoja. Halafu hita. Matumbawe yanataka maji ya nyuzi 25 hivi wakati wote, na nyinyi mnajua Julai ya Meru. Hita ya wati 300 ikiwaka jumla ya saa 8 kwa siku ni yuniti 2.4.

Jumla inakaribia yuniti 6 kwa siku, yaani yuniti 175 hivi kwa mwezi. Ukiweka shilingi 30 kwa yuniti ili hesabu iwe rahisi, pamoja na VAT ya asilimia 16 na tozo nyingine zilizo ndani ya kila tokeni, unapata zaidi ya shilingi 5,200 kwa mwezi. Tena wateja wa nyumbani hupangwa kwa matumizi. Wasiozidi yuniti 30 kwa mwezi wako kundi la bei ya chini, na anayepita 100 yuko kundi la juu. Kwa hiyo tangi lile halijilipii peke yake. Linaipandisha nyumba nzima ngazi, hata balbu ya jikoni na pasi.

Tazama hiyo namba 30 tena. Kile kioo kimoja kinakula stima ya nyumba karibu sita za watumiaji wadogo.

Hapa Embu jambo hili lina uzito wake. Maji ya Mto Tana yanazungusha mitambo ya Kindaruma tangu 1968, kisha Kamburu, Gitaru, Masinga, na Kiambere mwaka 1988. Mabwawa hayo matano yako mlangoni mwa Mbeere. Hata hivyo familia nyingi za huko ziliishi miaka mingi zikitazama nyaya kubwa zikipita juu ya mashamba yao kwenda mbali, huku wao wakisomea kibatari. Kwa hiyo mtu wa huku akisema "stima ni pesa yangu, naitumia nipendavyo", tumkumbushe kwa upole kwamba kuna waliotoa ardhi na mto kabla yeye hajatoa shilingi.

Bahari haina mita

Lakini hesabu ile ile ilitufunulia jambo lingine. Nenda Watamu au Malindi, ambako serikali ilitenga hifadhi za bahari mwaka 1968. Pale matumbawe yanaishi kwa kazi ile ile: mwanga, joto, mawimbi, maji kusafishwa. Jua ndilo taa. Maji kupwa na kujaa ndiyo pampu. Joto linatoka kwa Mungu, na hakuna anayenunua tokeni. Ndugu yetu analipa zaidi ya shilingi 5,000 kwa mwezi kuigiza lita 300 tu za kile ambacho Mungu anakitoa bure kutoka Shimoni hadi Kiunga.

Na hata bahari yenyewe, joto likizidi kipimo, huumia. Mwaka 1998, wakati wa El Niño, maji yalipata joto kupita kiasi na matumbawe mengi ya pwani yetu yakawa meupe na kufa. Tofauti ya nyuzi chache tu! Zaburi ya 104 inaitaja bahari kubwa yenye viumbe wasiohesabika, wote wakimngojea Mungu awape chakula kwa wakati wake. Tunaisoma haraka. Jaribu kuwa wewe ndiye unayengojewa, hata kwa samaki watano tu, ndipo utajua uzito wa mstari huo.

Wale walionung'unika

Kwa yule aliyesema pesa zingelisha yatima, nina neno. Katika Yohana 12, Mariamu alipomimina marhamu ya thamani ya dinari 300, aliyenung'unika kwa jina la maskini ni Yuda, na Yohana anatuambia hakuwa akiwajali maskini. Matumizi ya tangi yanaonekana kwa sababu yanang'aa sebuleni. Ya wengine hayang'ai: kubeti kwenye simu, mikopo ya simu, chupa ya Ijumaa. Kabla hujapiga hesabu ya jirani, piga yako, na umwonyeshe yatima uliyemlisha wewe.

Hata hivyo Yohana 12 si leseni. Mariamu alitoa kilichokuwa chake, hakuwanyima watu wa nyumbani mwake. Paulo anamwambia Timotheo kwamba asiyewatunza walio wake ameikana imani. Chakula cha mke na karo ya mtoto vinatangulia taa ya bluu. Hapo sitaki tubishane.

Pesa iliyozama na uhai uliofungwa kwako

Chuoni tulifundishwa pia kwamba pesa iliyokwisha kuzama isikuamulie ya kesho. Ukiwa umetia laki moja kwenye duka lisilouza, usitie nyingine eti kwa sababu ya ile ya kwanza. Ni fundisho zuri, na kwa kioo, pampu na taa za ndugu yetu linafaa kabisa. Asiseme, "nimetumia nyingi mno, siwezi kuacha."

Lakini je, samaki na matumbawe nayo ni pesa iliyozama? Hapa ndipo vitabu vya biashara vinapofika mwisho na Neno linaendelea. Mithali 12:10 inasema mwenye haki huujali uhai wa mnyama wake. Kiumbe aliyetolewa penye jua la bure akawekwa kwenye mita yako hakuomba kuja. Mnara usiomalizika unakuletea aibu wewe. Uhai usioendelezwa unamlipisha mwingine, asiye na sauti. Usiku wa tarehe 25 Agosti 2023 stima ilipotea karibu nchi nzima. Mimi na wewe tuliwasha mshumaa tukalala. Lakini ndani ya tangi lenye viumbe wengi pampu ikisimama, hewa ya kupumua ndani ya maji inaanza kupungua, na baada ya saa kadhaa vifo vinaweza kuanza. Mwenye tangi halali.

Kwa hiyo jibu langu kwa ndugu yetu lilikuwa hivi. Kulifuga tangi si dhambi. Kushindwa kuendelea nalo si dhambi. Kuzima tu swichi ukaenda kulala, hiyo ndiyo siwezi kukubariki. Kilichokuja mikononi mwako kikiwa hai kitoke mikononi mwako kikiwa hai, kadiri unavyoweza. Wala usidhani njia ni kuwapeleka baharini: viumbe waliochanganyika na wengine kwenye tangi wanaweza kubeba ugonjwa kwa wale wa mwituni. Atafutwe mfugaji mwingine mwenye uwezo. Na wakati wa kungoja, apunguze.

Amepunguza. Ameziba pande tatu za kioo kwa mbao za povu ili joto lisitoroke, na hita sasa inawaka kama saa 5. Taa zinawaka saa 8. Hesabu imeshuka hadi yuniti 140 hivi, karibu shilingi 4,200. Bado ni nyingi. Nusu ya matumbawe yamepata mlezi mwingine, na hanunui kipya. Mkewe ndiye anayeshika kitabu cha tokeni. Hawajamaliza, lakini wanazungumza.

Anayelipa kila siku

Sasa nifike nilipokuwa naelekea. Waebrania 1:3 inasema Kristo anavihifadhi vitu vyote kwa neno la uweza wake. Ona, haisemi tu kwamba aliviumba. Wengi wetu tunamwamini Mungu wa gharama ya kununua: aliumba mara moja, alikufa mara moja, basi. Lakini yeye ndiye pia Mungu wa gharama ya kuendesha. Pumzi yako ya alfajiri ya leo ililipwa leo. Jua lililochomoza nyuma ya milima ya Nyambene asubuhi hii halikuwa salio la jana. Na yeye hakuwahi kusema, "huyu ananigharimu sana, nizime."

Basi kama tumepokea neema ya kila siku, tuwe watu wa uaminifu wa kila siku. Harusi ni gharama ya kununua. Ndoa ni ya kuendesha. Kumleta msichana wa kazi kutoka kijijini ni siku moja. Mshahara wake ni kila mwezi. Kumleta mama mzee aishi kwako ni kazi ya alasiri moja. Kumgeuza kitandani usiku ni ya miaka. Hata kanisa: tunapiga makofi siku ya kuzindua spika mpya, na bili ya stima ya mikesha inafika kimya mezani kwa mhazini.

Ya kufanya wiki hii

1. Chukua karatasi. Andika kila kitu chenye uhai kinachokutegemea: watu, mifugo, huduma. Mbele ya kila kimoja andika gharama yake kwa mwezi, ya pesa na ya muda.

2. Kabla ya kuanzisha kipya, usiulize "nitanunuaje?" Uliza "mwaka wa tatu nani atalipa?"

3. Kama kuna kilichokushinda, usikizime gizani. Mwambie mwenzako, mwambie mzee wa kanisa, tutafute njia pamoja.

4. Katika ushirika wa nyumbani jadilini: ni gharama gani ya jirani tunayoihukumu kwa sababu inaonekana?

Tuombe: Baba, asante kwa pumzi ambayo hatukuilipia leo. Tupe hekima ya kuhesabu kabla, na uaminifu wa kuendelea baada. Wale waliochoka kubeba walichokianza wapate wa kuwasaidia, na sisi tuwe miongoni mwao. Katika jina la Yesu, Amina.