Mshono wa Mwisho

Zawadi ya mkono hukamilika lini? Fundi hujibu kuwa ni pale mshono wa mwisho ufungwapo fundo. Jibu hili lina haki, lakini halitoshi.

Mwaka 1942, huko Gee's Bend, Alabama, Marekani, mjane Missouri Pettway alizikata nguo za kazi za marehemu mumewe akashona mfarishi. Hakuficha magoti yaliyochakaa wala rangi iliyopauka. Nguo zilizomsitiri mmoja shambani zikawa za kuwafunika waliobaki. Leo mfarishi ule ni mali ya Jumba la Taifa la Sanaa mjini Washington. Heshima hiyo ni kubwa, na ulistahili; walakini hapana tena alalaye chini yake. Je, zawadi imetenguka? La, maana ilikwisha pokewa kabla ya kutundikwa.

Basi yafaa kupambanua. Mshono humaliza kazi ya mtoaji. Matumizi hukamilisha zawadi, nayo matumizi huchakaza. Ampaye ndugu yake mfarishi kisha akamkataza kuuchafua hajatoa bado: amemwekesha amana. Atakaye kutoa kweli na aridhike kuuona ukififia. Rangi iliyofifia juu ya mwili wa mpendwa haikupotea, imepokewa.