Mzunguko wa Baiskeli na Hukumu ya Msafiri

Mwendesha baiskeli anayetoka Magomeni baada ya swala ya Alfajiri, akapita Tegeta na Bunju mpaka Bagamoyo, kisha akarejea kwake kabla jua halijatua, amekata zaidi ya kilomita 120 kwa nguvu za miguu yake. Hata hivyo, kwa madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani ya Afrika Mashariki, mtu huyo si msafiri. Haruhusiwi kufupisha swala kama msafiri aruhusiwavyo, na Adhuhuri yake itabaki rakaa nne. Hukumu hiyo huwashangaza wengi, lakini ndani yake limo swali ambalo halimhusu Mwislamu peke yake: mwendo unaorudi pale pale ulipoanzia una kusudi gani, na thamani yake hupimwa kwa nini?

Pembezoni mwa Dar es Salaam mizunguko ya namna hiyo iko mingi. Unaopendwa kwa mandhari ni wa Kigamboni. Mwendeshaji huvuka kwa pantoni ya Magogoni, akapita Mjimwema na Gezaulole kuelekea Kimbiji, na wakati wa kurudi akaingia mjini kwa Daraja la Nyerere, lililofunguliwa 2016. Msimu wa kusi upepo humkabili usoni wakati wa kwenda na kumsukuma mgongoni wakati wa kurudi. Kwenye njia za ndani, karibu na ufuo, mchanga humeza tairi nyembamba. Mwenye uzoefu hupunguza upepo kidogo kwenye tairi zote mbili ili zitanuke na zielee juu ya mchanga, halafu akifika kwenye lami huzijaza tena kwa pampu ya mkono. Mzunguko wa Pugu na Kisarawe una vilima, na hapo msitu wa Pugu humpa mtu kivuli ambacho Gongo la Mboto haina. Upande wa kaskazini, kabla ya kufika Bunju, mtu anaweza kukata kulia kwenda Kunduchi, penye magofu ya msikiti na makaburi ya nguzo ambayo zamani yalipachikwa bakuli za Kichina. Vishimo vya bakuli hizo bado vinaonekana.

Fiqhi ya Kishafii inamtazama mtu huyu kwa masharti yaliyo wazi. La kwanza ni umbali: farsakhi 16, ambazo wahesabuji wa leo huziweka kwenye kilomita 80 na ushei. Umbali huo huhesabiwa kwa kwenda tu, kurudi hakujumlishwi. Ndiyo maana aliyekwenda Bagamoyo hajatimiza kiwango, japo ameshinda barabarani kutwa nzima. Sharti la pili lina uzito zaidi kwa swali hili. Imamu Nawawi, aliyefariki 1277, ameeleza katika Minhaj, kitabu ambacho kimesomeshwa vizazi na vizazi kwenye madarasa ya Lamu na Zanzibar, kwamba ni lazima msafiri akusudie mahali maalumu tangu mwanzo wa safari. Anayetangatanga bila kujua aendako hafupishi swala hata akitangatanga mbali kiasi gani. Hivyo hata mzunguko wa kilomita 200 kuuzunguka mji haumfanyi mtu kuwa msafiri, kwa sababu mwisho wake ni mlango wa nyumba yake mwenyewe.

Sharti la tatu ni kuuacha mji. Safari huanza mtu anapovuka ukuta wa mji, na mji usio na ukuta huvukwa kwa kulipita jengo la mwisho. Mashamba na magofu yaliyo nje yake hayahesabiwi. Katika mji mdogo wa zamani jambo hilo lilikuwa jepesi. Dar es Salaam ya leo imelifanya gumu. Kwenye Barabara ya Morogoro nyumba zimefuatana kupita Mbezi na Kibamba zikielekea Kibaha, na vijiji viwili vilivyoshikana huhesabiwa na mafakihi kuwa kimoja. Kwa hiyo mwendesha baiskeli anaweza kutokwa jasho saa mbili nzima na bado, kisheria, hajatoka nyumbani.

Ipo hata hukumu inayogusa uchaguzi wa njia. Ikiwa mahali pana njia mbili, moja fupi isiyofikia kiwango na nyingine ndefu inayokifikia, anayeshika ile ndefu lazima awe na sababu, kama wepesi au usalama. Akiichagua ili tu apate kufupisha swala, haruhusiwi. Baadhi ya wafafanuzi wamekubali hata burudani kuwa sababu. Waendesha baiskeli wa Dar es Salaam wanaijua vizuri sababu ya usalama, kwani wengi huikwepa Barabara ya Morogoro kwa kuyahofia malori na kuzunguka kwa njia za ndani, wakiongeza kilomita kwa hiari yao.

Si wanazuoni wote waliokubaliana. Wafuasi wa madhehebu ya Hanafi hupima kwa mwendo wa siku tatu. Ibn Taymiyya, aliyefariki 1328, alikataa kiwango maalumu cha umbali na kulirudisha jambo kwenye desturi ya watu. Lakini hata kwa kipimo chake mzunguko wa siku moja haupiti kwa urahisi, kwa kuwa watu wa Dar es Salaam hawamuagi mtu anayekwenda Kisarawe na kurudi jioni kama wanavyomuaga anayekwenda Tanga.

Kosa la kawaida ni kuichukua hukumu hii kama dharau kwa mwendo usio na kituo. Ruhusa ya kufupisha swala haikutolewa kama tuzo. Ni tahafifu kwa mtu ambaye shughuli yake imemfunga na mahali pa mbali na hawezi kusimama apendapo. Anayezunguka kwa hiari anaweza kugeuza usukani wakati wowote, na taabu yake ameitaka mwenyewe. Sheria imemnyima tahafifu asiyoihitaji. Thamani ya mwendo wake haikuigusa.

Thamani hiyo imezungumzwa mahali pengine. Ghazali, aliyefariki 1111, ametenga kitabu kizima cha adabu za safari ndani ya kazi yake Ihya, na miongoni mwa makusudio mema ameweka kuzijua alama za Mungu katika ardhi. Qurani nayo, katika Surat Al-Ankabut aya ya 20, inaamuru watu watembee katika ardhi watazame jinsi uumbaji ulivyoanza. Amri hiyo haikutaja umbali wala kituo. Aristotle, karne nyingi kabla yao, alitofautisha tendo ambalo mwisho wake uko nje yake, kama ujenzi wa nyumba, na tendo ambalo limetimia kila dakika linapotendwa, kama kuona. Anayeendesha baiskeli ili afike kazini yuko upande wa kwanza. Anayezunguka Kigamboni ili aitazame Kigamboni yuko upande wa pili, naye hapungukiwi na kitu kwa kurudi alikotoka. Hoja kwamba duara haliwezi kuwa na kusudi haina nguvu kwa Mwislamu hata kidogo, kwani tawafu, yaani kuizunguka Kaaba, ni mizunguko saba isiyompeleka mtu popote, nayo ni nguzo ya Hija. Tofauti ni kwamba tawafu imeamrishwa, na mzunguko wa baiskeli hupata hadhi yake kutokana na nia ya mwenyewe na umakini wa macho yake.

Kwa hiyo hukumu mbili husimama pamoja bila kugongana. Aliyezunguka Pugu na Kisarawe huku akitazama kwa makini amefanya jambo jema lililokamilika, na Adhuhuri ikimkuta Kisarawe ataswali rakaa nne. Anayekusudia Morogoro atafupisha, kuanzia pale atakapolipita jengo la mwisho.