Amana ya Mpitisha Habari

Swali la kale katika elimu ya dini, ambalo uzito wake haujapungua hata leo, ni hili: je, yawezekana mtu alipokee neno lisilo lake, kisha alifikishe kwa mwingine bila ya kulipunguza wala kuliongeza? Wanavyuoni waliokusanya Hadithi, ambao Imamu Bukhari, aliyefariki mwaka 870, ni mashuhuri miongoni mwao, hawakuridhika na matini peke yake; waliitazama na sanadi, yaani mlolongo wa watu walioipokezana habari kinywa kwa kinywa, wakamchungua kila mmoja katika uadilifu wake na katika nguvu ya hifadhi yake. Nimelitafakari jambo hili miaka mingi, na siku za karibuni limenijia upya mahali nisipolitazamia, mbele ya ubao mdogo wa mikrokontrola uliokuwa mezani pangu.

Ubao huo ni Arduino Uno, wa jamii ya mbao zilizoanza kutengenezwa katika mji wa Ivrea, Italia, mwaka 2005, na chipu inayoutawala huitwa ATmega328P. Una pini sita za kupokelea volti kutoka nje, ziwe za joto, za mwanga au za unyevu wa udongo. Lakini mfasiri wa volti hizo, anayezigeuza kuwa hesabu kati ya 0 na 1023, ni mmoja tu, na kwa hiyo ndani ya chipu mna swichi za analogi zinazomfikishia kila pini kwa zamu yake. Pini sita zisipotosha, fundi huongeza chipu nyingine, aghalabu CD4051, yenye milango minane inayoelekea njia moja, na nyaya tatu za amri. Na kwa kuwa kila waya una hali mbili, ya juu na ya chini, hali hizo zikichanganywa hutoa namna nane, moja kwa kila mlango.

Mlango huu haufanani na swichi ya taa, ambamo chuma hugusa chuma. Ni transista mbili zilizowekwa ubavu kwa ubavu, moja ya namna ya N, ambayo hupitisha vyema volti za chini na kulegea mbele ya zile za juu, na moja ya namna ya P, ambayo tabia yake ni kinyume cha hiyo. Ingalikuwa moja peke yake, ingalikuwa kama mjumbe afikishaye salamu za furaha neno kwa neno, ilhali lawama huzimeza nusu njiani. Zikiwa mbili, kila moja hufidia upungufu wa mwenziwe, na ishara hupita tangu chini hata juu. Hata hivyo haipiti bure. Chipu hii ikiendeshwa kwa volti 5, mlango ulio wazi kabisa bado una ukinzani wa omu 470 hivi, nao hubadilika kufuatana na volti inayopita. Waundaji hawakuificha aibu hii: wameiandika katika karatasi ya maelezo, kiasi cha kawaida na kiasi cha juu kabisa, ili kila mjenzi aihesabu kabla hajaiamini chipu yao. Wataalamu wa Hadithi nao walikuwa na elimu ya jarhi na taadili, ambamo iliandikwa waziwazi kwamba fulani ni thika, na fulani hifadhi yake ilidhoofika uzeeni. Na afichaye kiungo dhaifu katika sanadi yake walimhesabu mwenye tadlisi. Kwa rai yangu uaminifu wa mpitishaji umo katika kukiri huku, maana hakuna kiumbe apitishaye neno asiliachie alama.

Lakini liko jambo ambalo ubao ulinifunza, na ambalo sikuwa nimelipa haki yake. Upotevu unaotokea mlangoni hautokani na mlango peke yake. Hutegemea pia mkondo anaouvuta yule aliye upande wa pili. Akiwa mpokeaji mwenye omu 470 tu, avutaye umeme mwingi, ishara humfikia ikiwa nusu. Akiwa na omu milioni moja, avutaye kidogo mno, kinachopotea hakifiki sehemu moja katika elfu. Na mlango ni ule ule. Sisi tumezoea kumtupia mjumbe lawama zote kila habari inapoharibika, ilhali mara nyingi aliyeiharibu ni yule aliyeisubiri kwa uchu, aliyekwisha amua anachotaka kusikia kabla mjumbe hajafungua kinywa, akalivuta neno upande wake hata likamfikia limekonda. Mtu amwendeaye shehe kutaka fatwa, huku moyoni ameshalikumbatia jibu, hurudi kwao na nusu ya alichoambiwa, na shehe hana kosa.

Iko na hatari ya kuhama kutoka kwa msemaji mmoja kwenda kwa mwingine. CD4051 imeundwa kuufunga mlango wa kwanza kabla haijaufungua wa pili, kwani yote miwili ikiwa wazi kwa pamoja, hata kwa kitambo kifupi kuliko kupepesa jicho, volti mbili zitaingiliana, na itakayosomwa haitakuwa kauli ya yeyote. Kisha ndani ya mfasiri mna kapasita ndogo ya pikofaradi 14, inayoishika volti wakati inapohesabiwa, nayo hubaki na masazo ya volti iliyotangulia. Chanzo kipya kikiwa dhaifu, chenye ukinzani uzidio sana omu 10,000, hakiwahi kuyafuta masazo hayo, na hesabu huegemea upande wa aliyesema kwanza. Nimewahi kukifunika kwa kiganja kipokea-mwanga kimoja, nikaona hesabu ya jirani yake ikishuka pamoja nacho, hali kivuli hakikumgusa. Dawa yake ni kusoma mara mbili: hesabu ya kwanza hutupwa, ya pili ndiyo iandikwayo. Kadhi aliyemsikiliza mdai tangu asubuhi, na sasa anamgeukia mdaiwa, ana haja kubwa ya dawa hiyo.

Na mpitishaji asiyekuwa na hakika anayo rukhsa ya kunyamaza. Imamu Malik wa Madina, aliyefariki mwaka 795, alijulikana sana kwa kuyajibu maswali mengi kwa kusema hajui, wala heshima yake haikupungua kwa ajili hiyo. CD4051 nayo imepewa mguu wa kazi hii, wa 6 katika miguu yake 16: ukipandishwa volti, amri za nyaya tatu hazisikilizwi tena, na milango yote minane hufungwa.