Hakimu wa Sebuleni

Yako maswali madogo kwa umbo lakini makubwa kwa uzito. Moja katika hayo ni hili: mzazi aketiye sebuleni pamoja na watoto wake, picha ya mapenzi ikiwa mbele yao, anapoipeleka mbele upesi ili lipite jambo asilotaka lionekane, je, atenda wema au atenda hila? Katika nyumba za Kibaha na Kisarawe, kama katika nyumba nyingi za nchi hii, kitendo hiki hufanywa kwa kidole kimoja na kwa muda usiotimia nusu dakika. Wepesi wake ndio utufanyao tusikifikiri. Insha hii yataka kukifikiri.

Zamani picha ya sinema ilikuwa jambo la halaiki. Katika miaka ya 1950 picha za Kihindi zilijaza kumbi za Unguja na Dar es Salaam, na mtu wa Kisarawe aliyetamani kuketi katika jumba la sinema la fahari ilimpasa ashuke vilima vya Pugu aende mjini. Huko mashine ilikuwa mikononi mwa mwonyeshaji, na mkasi ulikuwa mikononi mwa wakaguzi wa serikali. Mtazamaji hakuwa na mamlaka ila juu ya macho yake mwenyewe: aliweza kuyafumba au kuyafumbua, basi. Mambo yaligeuka baada ya mwaka 1976, mkanda wa VHS ulipotoka Japani. Unguja ilikuwa na televisheni tangu mwaka 1973, lakini bara ilingoja hadi mwaka 1994. Kwa hiyo ziko nyumba za bara ambamo mkanda wa video ulitangulia kituo cha televisheni. Baadaye ikaja diski, na baada ya diski simu ya mkononi. Picha za kale zilizokuwa zimeondoka katika kumbi zikarudi, safari hii si kwa halaiki bali kwa jamaa ya nyumba moja. Pamoja nazo yakaja mamlaka mapya. Mashine na mkasi viliingia sebuleni, vikakabidhiwa kwa yeyote ashikaye rimoti.

Nitatwaa mfano wa picha moja ili fikira zisielee hewani. Picha hiyo ni Awara, iliyotolewa Bombay mwaka 1951 na Raj Kapoor, naye mwenyewe akaicheza pamoja na Nargis. Ilipendwa katika pwani yetu kama ilivyopendwa Urusi, na hata leo wako wazee wanaonong'ona nyimbo zake pasipo kujua maana ya maneno yake. Kisa chake ni hiki. Hakimu mmoja, Raghunath, aliamini kuwa mtoto wa mtu mwema huwa mwema, na mtoto wa mwizi huwa mwizi. Kwa imani hiyo alimhukumu mtu aitwaye Jagga, si kwa ushahidi wa tendo bali kwa ushahidi wa nasaba. Jagga akageuka jambazi kweli, akamteka mke wa hakimu, kisha akamwachilia. Mke alipoonekana ana mimba, uvumi ukaenea, na hakimu akamfukuza usiku. Mtoto akazaliwa njiani, akakulia katika mitaa ya mafukara, na Jagga akamfunza wizi ili kumwonyesha hakimu kosa la imani yake. Kijana huyo, Raj, alimpenda Rita, binti aliyelelewa na hakimu yule yule na kusomea sheria. Mwisho Rita anamtetea Raj mahakamani, na hakimu mwenyewe anasimama mbele yake kuulizwa maswali.

Msomaji ataona kuwa ugomvi wa picha hii twaujua kwa methali zetu. Upande mmoja husema mtoto wa nyoka ni nyoka. Upande wa pili hujibu kuwa mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Hakimu alishika methali ya kwanza akaiacha ya pili, na kwa kuishika hiyo moja alimpoteza mke na mwana. Ikiwa picha inafundisha neno, neno lenyewe ni kuwa malezi yana nguvu kuliko damu. Basi ni ajabu ya namna yake kwamba picha inayosema hivi juu ya malezi huingia katika nyumba zetu na kuwa chombo cha malezi, ikakatwa na mlezi.

Na hukatwa wapi? Hapa ndipo penye shina la swali. Katika Awara liko onyesho la mashua usiku wa mbalamwezi, ambapo wapendanao wawili wako peke yao na wimbo unaimbwa. Liko pia onyesho la ufukweni, ambapo Rita anamwita Raj kwa jina la dharau, naye anampiga makofi mara kwa mara mpaka binti yule anaanguka miguuni pake. Wala mapenzi yao hayavunjiki kwa kitendo hicho. Waketi wa sebuleni huona haya kwa onyesho la kwanza. La pili aghalabu halimtikisi mtu. Mkono ulio mwepesi kuficha kumbatio huwa mzito kuficha kofi. Kijana wa kiume hutoka hapo amejifunza kuwa upole kwa mwanamke ni jambo la aibu, na ukali ni jambo la kutazamwa na wakubwa na wadogo pamoja. Mzazi hakukusudia somo hilo, lakini amelifundisha, maana kukata ni kusema. Alichokiacha amekipa idhini.

Walakini tusiwe wepesi kumshutumu mzazi. Yuko atakayesema kuwa haya ni ujinga wa kale, na kuwa mapenzi yafaa kuonwa na wote bila pazia. Asemaye hivyo haijui desturi anayoidharau. Wazaramo, ambao Kisarawe na Kibaha ni nyumbani kwao, hawakuficha habari za mume na mke. Mwali aliwekwa ndani akafunzwa, na waliomfunza walisema kwa uwazi kuliko picha yoyote. Bibi na mjukuu walitaniana kwa maneno ambayo mama na binti hawangethubutu kuyatamka. Desturi haikuuliza kama jambo lisemwe au lisisemwe. Iliuliza lisemwe na nani, kwa nani, na wapi. Haya ya mkwe mbele ya mkwe, au ya baba mbele ya binti yake, haikuwa uadui na mapenzi. Ilikuwa namna ya kulipangia neno mahali pake.

Kwa hiyo yatupasa kutenga mambo mawili yanayofanana kwa sura na kutofautiana kwa asili: kuahirisha na kuficha. Mzazi apelekaye picha mbele leo, akijua kuwa kesho shangazi au bibi atamweleza kijana yale yaliyopita, ameahirisha. Amelinda heshima ya sebule pasipo kumnyima mtoto elimu. Lakini mzazi apelekaye picha mbele, na nyuma yake hakuna bibi, wala shangazi, wala kungwi, wala neno lolote litakalofuata, huyo ameficha. Nyumba nyingi za leo ziko katika hali hii ya pili. Bibi yuko kijijini Maneromango, wajukuu wako Kibaha Maili Moja, shangazi yuko Dar es Salaam. Tumebaki na pazia, mwalimu aliyekuwa nyuma ya pazia ameondoka. Na kijana aliyefichwa hakosi kutafuta. Atapata katika simu yake mwalimu asiye na haya wala huruma.

Atatokea mtu aseme: diski ni yangu, nimeinunua kwa fedha yangu, nina haki ya kuitazama nitakavyo. Haki hiyo siibishi. Sheria ya mwaka 1976 ya filamu na michezo ya kuigiza huangalia kitakachoonyeshwa kwa umma. Sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999 humlinda mtungaji asiibiwe. Na mwaka 2013 kanuni zilitaka kanda na diski za muziki na filamu zibandikwe stempu ya kodi. Hakuna katika hizo iingiayo sebuleni kumwambia baba akate wapi. Lakini pale sheria inyamazapo, wajibu haunyamazi, huongezeka. Mtu hununua diski, hanunui akili za wanawe. Haki yake juu ya kitu haimpi ruhusa ya kuwa mzembe juu ya mtu.

Sasa tumrudie hakimu Raghunath, kwa maana yeye ndiye kioo chetu. Kosa lake halikuwa kuhukumu, kwa kuwa kuhukumu ndiyo kazi ya hakimu. Kosa lake lilikuwa kuhukumu kwa nusu ya habari. Alikata maneno ya mkewe kabla hayajafika mwisho, akaacha uvumi usikike wote. Kila ashikaye rimoti mbele ya watoto ni hakimu wa namna hiyo: ana uwezo wa kunyamazisha shahidi na kumwacha mwingine aseme. Siwezi kumwambia autupe uwezo huo. Asiyechagua kabisa ameiachia picha imlelee wanawe, na picha haina mtoto.

Ninachodai ni mambo matatu. Kwanza, mlezi aitazame picha yote peke yake kabla ya kuiweka mbele ya wanawe, asije akahukumu kwa fununu. Pili, apime anayoyakata kwa mizani moja. Kama kumbatio lapita upesi kwa ajili ya haya, kofi lisimame lisemewe kwa ajili ya haki. Tatu, kila alilolikata alihesabu kuwa deni, na deni hilo alilipe kwa kinywa chake au kwa kinywa cha jamaa aliyemchagua. Akitimiza hayo, ukataji wake ni malezi. Asipotimiza, ukimya wake ni hukumu iliyotolewa gizani, na watakaoitumikia ni watoto.