Video Uliyomtumia Mteja Ni Ahadi

Wanangu mnaokusanya mahindi Namtumbo na Madaba mkayauza mbali, nawasikia mkisema siku hizi andiko la biashara lisilo na video halisomwi. Sipingi. Wazee wetu walisema kizuri chajiuza, lakini enzi zao mnunuzi alikuja mwenyewe sokoni akatia mkono kwenye gunia. Mwenye kiwanda cha unga Dar es Salaam yuko zaidi ya kilomita 900 kutoka Songea. Mwonyesheni. Ila jueni kwamba video mliyomtumia anaitunza, na lori likishusha mzigo ataifungua alinganishe.

Basi, msirekodi ghala la mwenzenu mkasema ni lenu, wala msimtumie mavuno ya mwaka jana kama ya msimu huu. Mkiwa na tani 20, onyesheni tani 20. Mteja anaweza kuvumilia mzigo mdogo, lakini aliyedanganywa harudi. Na yote mnayosema kwenye video yaandikwe pia: bei, uzito, siku ya kufikisha, na nani analipa usafiri. Siku ya ugomvi, karatasi iliyosainiwa ndiyo itakayowasimamia.

Tena, punguzeni muziki na madoido. Mnunuzi anataka kuona kipima unyevu kikipima punje zilizotolewa katikati ya gunia, namba isomeke wazi. Viwango vya Afrika Mashariki vinataka unyevu usizidi asilimia 13.5. Anataka kuona mizani, asije akauziwa gunia pungufu. Dakika mbili zinatosha, msimmalizie bando.

Lakini kuna jambo ambalo kamera haitaliona kamwe, nalo ni sumukuvu, ile sumu ya ukungu. Punje nyeupe, safi machoni, inaweza kuwa nayo. Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi kutoka Tanzania na Uganda kwa sababu hiyo. Siku chache baadaye ilifungua mpaka kwa masharti, mojawapo likiwa kila shehena iwe na cheti kinachothibitisha kwamba sumukuvu iko chini ya sehemu 10 kwa bilioni. Magari yaliyokwama mpakani hayakuokolewa na picha nzuri. Pimeni maabara, mwambatanishe cheti, kisha video ifuate.

Nawaonya kwa uchungu kwa sababu uongo wa mmoja haumwangushi peke yake. Mnunuzi aliyeumizwa hasemi fulani kanidanganya. Husema mahindi ya Songea hayafai, na mama aliyepalilia shamba lake Namtumbo anakosa soko kwa kosa asilolijua. Kwa hiyo kabla hamjatuma video, mwonyesheni kwanza mkulima aliyewauzia. Akisema ndiyo, haya ni mahindi yangu na ndivyo yalivyo, tumeni. Akisita, futeni mrekodi upya.