Shimo la Muhanga

Uongo wangu ulinitoka mdomoni asubuhi, juu ya kilima cha Chetambe, mbele ya watu wanane walionilipa niwaeleze yaliyotokea hapo. Naueleza leo kwa sababu vijana wengi wa Kitale na Bungoma wameingia kazi hii ya kutembeza wageni, na wengine wameniomba niwafunze. Somo la kwanza ninalowapa ni hili la siku ile.

Tuliondoka Kitale saa moja, baada ya chai na mandazi, kwa matatu niliyoikodi. Watu wanane ni idadi ninayoipenda mpaka leo. Ukiongoza arobaini unahitaji kipaza sauti, na wao watasikia kipaza sauti tu. Ukiongoza wanane wanakusikia hata unapomeza mate. Mzee anapanda kilima taratibu bila kuachwa, mwenye swali anakukatiza, na gari dogo linapita njia ambayo basi lingekwama. Walikuwa mtu na mkewe kutoka Nairobi, walimu watatu wa sekondari, bwana mmoja aliyekuja likizo kutoka Italia pamoja na bintiye, na mama mzee wa upande wa Bumula ambaye mmoja wa wale walimu, mjukuu wake, alikuwa amemlipia. Tulimwita Kukhu, kama Wabukusu wanavyomwita nyanya.

Siku moja kabla nilikuwa nimewapitisha kwenye Makumbusho ya Kitale. Mbegu yake ilipandwa mwaka 1926 na mlowezi Hugh Stoneham, aliyekusanya vipepeo, vitabu na vifaa vya watu wa eneo hili. Hapo niliwaeleza habari za mapango ya Mlima Elgon, na niliwaeleza vizuri, kwa haki. Joseph Thomson, msafiri wa Kiskoti, alifika kwenye mapango hayo mwaka 1883, akakuta watu wakiishi ndani na mifugo yao. Alipotazama alama za kuchimbwa kwenye kuta aliamini ni kazi ya binadamu wa zamani sana. Leo tunajua kwamba katika pango la Kitum ndovu huingia usiku, gizani kabisa, wakipapasa njia kwa mikonga, na kukwangua mwamba kwa pembe ili wapate chumvi. Wameuchimba mlima kizazi baada ya kizazi. Wageni walishangaa sana. Ilitosha kunionyesha kwamba ukweli una utamu wake wenyewe, lakini kesho yake nilikuwa nimesahau.

Njiani, tulipopita Kiminini na kuelekea Kamukuywa, yule bwana wa Italia alituhadithia jinsi alivyotembezwa Verona katika kundi dogo kama letu. Wenyeji wana nyumba moja ya kale yenye roshani ya mawe, na watu hutoka dunia nzima kuja kusimama chini yake kwa sababu huambiwa ndipo Juliet wa Shakespeare alipomsikiliza mpenzi wake. Aliisimulia kwa furaha, na sote tulifurahi naye. Kisha akasema neno lililonichoma: "Yule dada aliyetutembeza hakusema 'sijui' hata mara moja."

Nilikuwa kijana. Nililichukua neno lile kama mtihani niliowekewa.

Chetambe ipo juu ya Webuye, kwenye ukingo wa mlima ambapo ukisimama unaona bonde la Nzoia na moshi wa jiko la kila boma huko chini. Handaki la ngome bado linaonekana, limeota nyasi. Mimi sikuzaliwa huko. Wazazi wangu walihamia Kitale kutafuta shamba, na habari za Chetambe nilifundishwa na mzee mmoja anayekaa karibu na kilima. Mzee yule alikuwa na tabia iliyonikera wakati ule. Kila alipomaliza jambo alilolijua alinyamaza, na ukimsukuma aendelee alisema, "Hapo sikuambiwa." Nilidhani ni upungufu wa elimu.

Niliwaeleza wageni kama alivyonieleza, nikaongeza niliyoyasoma. Wabukusu waliishi ndani ya ngome zenye ukuta wa udongo na handaki. Magharibi yote ya Kenya ya leo ilihesabiwa kuwa sehemu ya Uganda, na ikaendelea hivyo mpaka mwaka 1902, kwa hiyo amri zilitoka upande wa Uganda na kupitia Mumias. Ugomvi ulikuwa wa bunduki. Wabukusu walikuwa wamezipata, wakatakiwa kuzirudisha, wakakataa, na kikosi kilichotumwa kuzichukua kiliuawa. Mwaka 1895 likaja jeshi kubwa zaidi la askari wa Kisudani, Waganda na wengine, na Charles Hobley, ambaye baadaye aliandika juu ya safari hiyo, alikuwemo. Ngome ya Lumboka, upande wa Bungoma, ilianguka kwanza. Walionusurika na wenzao wakasimama Chetambe. Chetambe nayo ikaanguka.

Kimya kikatanda. Upepo ulikuwa ukivuma kutoka bondeni. Yule binti wa Italia akauliza, kwa upole tu, "Na akina mama na watoto walitokea wapi?"

Hilo mzee hakuniambia. Nilipaswa kusema hivyo, nimwite mzee mwenyewe, maana nyumba yake ilikuwa ikionekana tulipokuwa tumesimama. Badala yake niliangaza macho nikaona shimo kati ya mawe mawili, chini ya handaki. Mwenyeji yeyote angejua ni la muhanga. Nikalinyooshea kidole.

"Hapa," nikasema. "Kulikuwa na njia ya chini kwa chini. Ilitokea karibu na maporomoko ya Nabuyole. Akina mama waliwapitisha watoto usiku, wameshikana kwa kamba ya ngozi ya ng'ombe."

Kamba ya ngozi ndiyo iliyoniuma zaidi baadaye. Kamba ilikuja yenyewe, bila kuitafuta, na ndiyo iliyowafanya waamini. Uongo mkubwa hauhitaji ushahidi mkubwa, unahitaji kitu kidogo ambacho mtu anaweza kukishika mkononi. Nyuso zilichangamka. Yule mama wa Nairobi alifuta machozi. Walimu waliandika. Bwana wa Italia alinipiga begani akasema hata Verona hawana hadithi kama hiyo, na jioni bakshishi yake ilizidi ile niliyokuwa nikipata kwa wiki nzima.

Kukhu alikuwa ameketi juu ya jiwe, amejitandika leso miguuni. Hakusema kitu. Wakati wa kuteremka nilimshika mkono, na tulipofika penye mteremko mkali akasimama kuvuta pumzi.

"Mjukuu wangu," akasema, "kama walitoka kwa njia hiyo, mbona wa kwetu hakurudi?"

Nikatafuta jibu. Nikamwambia huenda si wote waliowahi. Huo ulikuwa uongo wa pili. Mtu akishadanganya mbele ya watu humbidi aulinde uongo wake kama mwizi anavyolinda alichoiba.

Alinitazama kwa muda, macho yake hayakuwa na hasira. Tulipofika Bungoma, wenzetu walipokuwa wakinawa mikono tayari kwa ugali, kuku na mrenda, aliniita kando ya meza akanieleza. Nyanya yake mzaa baba alikuwa mtoto siku ile ya Chetambe, na alikuwa na mdogo wake wa kike. Mmoja alitolewa akiwa mgongoni mwa shangazi. Mwingine hakuonekana tena, wala hai wala maiti. Wabukusu hawaliachi jina la aliyekufa lipotee bila kupewa mwingine, na Kukhu alipozaliwa alipewa jina la yule mtoto. Alinitajia. "Miaka yote hii mimi ndiye ninayeitika kwa ajili yake," akasema. "Leo umeniambia alitoroka. Niitike kwa ajili ya nani sasa?"

Sitaliandika jina lile hapa. Nilipewa mezani, halikutolewa kwa gazeti.

Chetambe si mahali pa kuchangamsha wageni kwa wale wanaopajua. Mwaka 1947 Elijah Masinde wa Dini ya Msambwa aliwapandisha wafuasi wake kilimani pale kuwakumbuka waliouawa, zaidi ya miaka hamsini baada ya vita, wakati serikali ya kikoloni ingali na macho makali juu yake. Watu hawapandi kilima namna hiyo kwa ajili ya wale waliotoroka salama. Nilikuwa nimelisoma jambo hilo, hata nililitaja siku ile katika maelezo yangu, lakini sikulifikiria maana yake. Niliweka furaha juu ya kaburi kwa sababu mgeni aliuliza swali na mimi niliogopa kuonekana mjinga.

Ningependa kuandika kwamba nilisimama pale pale mezani nikaungama mbele ya wote. Sikufanya hivyo. Chakula kilikuja, watu wakacheka, tukarudi Kitale jioni. Na kundi lililofuata lilipopanda Chetambe, mtu alinyoosha kidole akauliza, "Ile njia ya akina mama ni ipi?" Alikuwa amesikia kwa mwalimu. Nikaonyesha shimo. Kundi la baada yake nikaonyesha tena, na safari hii kamba ya ngozi ikawa na mafundo. Uongo ulikuwa umepata miguu, mimi nikawa naufuata nyuma.

Niseme kidogo juu ya wanaolipa. Baadaye nilisoma kwamba roshani ya Verona iliongezwa kwenye nyumba ile katika karne ya 20. Nyumba ni ya kale kweli, mji ni wa kale kweli, na Shakespeare aliandika tamthilia kweli, lakini roshani iliwekwa ili wageni wawe na mahali pa kutazama. Sijui yule dada alilijua hilo au la. Ninachojua ni kwamba bwana yule hakumuuliza amejuaje, kama walimu wangu wasivyoniuliza mimi. Kundi dogo lina nafasi hiyo, nalo huipoteza. Muulize anayekutembeza: hili umelisikia kwa nani? Unalisema kwa kuliona, kulisoma au kusimuliwa? Mtembeza wageni wa kweli hataudhika. Atakuonyesha mlango wa yule aliyemsimulia, na mara nyingi mlango huo uko hatua mia mbili tu na aliye nyuma yake anafurahi kuulizwa. Mimi sikuwapeleka wageni wangu kwa mzee kwa sababu nilitaka wao waniangalie mimi.

Kukhu alifariki kabla sijarudi kwake. Nilisikia habari za mazishi nikiwa Kitale, na nilikwenda Bumula, nikakaa nyuma chini ya mwembe kama mtu asiyejulikana. Mjukuu wake alinisalimia kwa heshima, akanishukuru kwa safari ile. Alisema nyanya yake aliizungumzia mara nyingi. Sikuthubutu kumuuliza alisema nini.

Haikupita muda mrefu, nikaombwa kuwatembeza wanafunzi kumi na wawili wa shule moja ya msingi ya upande wa Lugulu. Watoto wa darasa la sita, wamevaa sweta, kila mmoja na daftari. Tulipofika juu mwalimu wao aliniambia wamejiandaa, kisha akawauliza ni nani atakayeeleza yaliyotokea Chetambe. Msichana mmoja mdogo wa mwili, sauti kubwa, akanyoosha mkono kabla ya wenzake. Akafungua daftari akasoma. Alisoma juu ya Lumboka, akasoma mwaka 1895, vyote sawasawa. Kisha akasoma juu ya njia ya chini kwa chini, akina mama, kamba ya ngozi yenye mafundo, na mwenge aliokuwa ameushika mama mmoja mbele. Mwenge sikuwahi kuutaja. Ulikuwa umeongezwa na mtu mwingine njiani. Pembezoni mwa aya ile kulikuwa na alama ya vema kwa kalamu nyekundu.

Nilisubiri amalize. Kisha nikamwambia, mbele ya mwalimu wake na wenzake, kwamba hakuna njia. Lile ni shimo la muhanga. Niliyetunga habari ya njia ni mimi, siku moja nikiwa nimesimama pale pale alipokuwa amesimama yeye.

Mwalimu aliinama kutazama viatu vyake. Watoto wengine walinong'onezana. Msichana hakunong'ona. Alilitazama shimo, akanitazama mimi, akauliza kama yule binti wa Italia alivyouliza, ila yeye alikuwa amekunja uso.

"Sasa akina mama na watoto walienda wapi?"

"Tutakwenda kwa mzee, nyumba yake ni ile pale," nikamwambia. "Naye hajui yote. Wengine walikufa hapa. Wengine walichukuliwa. Wengi wao majina yao siyajui." Nikanyamaza, kisha nikasema, "Mmoja namjua jina. Alikuwa mdogo kuliko wewe."

Akaulaza mkono juu ya ukurasa ule wenye alama nyekundu, akageuza karatasi, akaandika namba ya ukurasa mpya pembeni, na akasubiri nimtajie.